Kutoka Tana Hadi Ndakaini: Klabu ya Tambarare Inapokwenda Kukimbia Milimani

Mji wa Garissa uko takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari. Wajir na Mandera mjini hazipiti mita 300. Bwawa la Ndakaini, lililoko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a, liko zaidi ya mita 2,000. Kati ya Garissa na bwawa hilo kuna barabara kuu moja: gari huvuka daraja la mto Tana, hupita Madogo, Ukasi, Nguni na Mwingi, hufika Thika, kisha huanza kupanda kuelekea mashamba ya chai. Ni safari ya siku moja. Lakini mwili uliozoea tambarare hauwezi kuzoea mlima kwa siku moja.

Nusu marathoni ya Ndakaini, inayozunguka bwawa hilo, hutajwa na wakimbiaji wengi miongoni mwa nusu marathoni ngumu zaidi nchini Kenya, kwa kuwa njia yake ni kupanda na kushuka mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida hufanyika mwezi wa Septemba, ingawa ni vyema klabu ithibitishe tarehe kwa waandalizi kabla ya kukodi gari. Wapo pia wanaopendelea Lewa, upande wa Isiolo na Meru, ambako tangu mwaka 2000 watu hukimbia kilomita 21 na 42 ndani ya hifadhi ya wanyamapori, kwenye barabara za vumbi zilizo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jua la Lewa halitamshangaza mtu wa Garissa. Ndakaini itamshangaza kwa kila kitu: baridi, ukungu, hewa nyepesi, na vilima vinavyoanza kabla mtu hajapasha misuli moto. Kwa hiyo mwongozo huu unaifuata Ndakaini, na aliyejiandaa vizuri kwa huko hatahangaika pengine.

Umeandikwa kwa klabu ya kawaida: walimu, wauguzi, wanafunzi wa chuo, wenye maduka na wafanyakazi wa kaunti, watu kumi hadi ishirini wanaokutana baada ya swala ya alfajiri na kumaliza mazoezi kabla jua halijawa kali. Watu wa namna hii huogopa kupanda. Mambo mawili yanayowaumiza kweli huyapuuza: kushuka, na klabu kusambaratika kwenye kilima cha kwanza.

Tuanze na kushuka. Mtu anapopanda, misuli ya mapaja hufanya kazi huku ikijikunja, na mapafu ndiyo yanayolalamika kwanza. Anaposhuka, misuli hiyohiyo hulazimika kuuzuia mwili usianguke mbele, yaani inavutwa huku imekaza. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo za misuli. Mkimbiaji haisikii palepale, kwa sababu kushuka ni kutamu na pumzi imerudi. Huanza kuisikia baadaye, kwenye kilomita ya 15 au 16, mapaja yanapokuwa mazito na magoti yanapoanza kutetemeka. Siku ya pili na ya tatu baada ya mbio ndizo mbaya zaidi, hata kuketi kitini kunakuwa kazi.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Kipindi kimoja au viwili vya kushuka kwa mpango huikinga kwa wiki kadhaa dhidi ya maumivu ya namna hiyo. Tatizo la Garissa ni kupata mahali pa kushukia.

Ngazi ndiyo njia ya kwanza. Jengo lolote la ghorofa mbili au tatu linatosha, mradi mwenye jengo akubali na wapangaji wasisumbuliwe alfajiri. Wengi wakifika kwenye ngazi hukimbilia kupanda mbio na kushuka kwa kujiachia. Zoezi lenye faida zaidi ni la polepole. Simama kwa mguu mmoja juu ya kipandio, shika ukuta kwa vidole viwili tu, kisha uteremshe kisigino cha mguu wa pili kuelekea kipandio cha chini huku ukihesabu moja, mbili, tatu. Kisigino kiguse tu, kisikanyage. Rudi juu. Angalia goti la mguu uliosimama: likiingia ndani kuelekea goti la pili, mzigo umezidi au umechoka, pumzika. Fanya mara nane kila mguu, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki. Ni zoezi la kuchosha na halina sifa yoyote mbele ya wenzako, lakini ndilo litakalokubeba kilomita ya 17.

Mchanga ni njia ya pili. Laga kavu, yaani mikondo ya mito ya msimu, zilizozunguka mji hujenga vigimbi na vifundo vya miguu kuliko lami, kwa sababu kila hatua hudidimia. Dakika kumi zinatosha kwa kuanzia, ukiwa umevaa viatu, maana mshipa mnene wa nyuma ya kisigino huudhika upesi mtu akizidisha mchanga. Msimu wa mvua, kaeni mbali na laga. Maji huweza kuteremka kwa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali, huku juu ya vichwa vyenu mbingu ni safi. Kingo za Tana nazo zina miinuko mizuri inayovutia macho ya kocha, lakini mto huo una mamba na viboko. Mazoezi ya kupanda na kushuka yasifanyike karibu na maji, hasa alfajiri na magharibi.

Njia ya tatu ni kwenda kwenyewe. Ukivuka Tana na kushika barabara ya Mwingi, nchi huanza kuinuka taratibu na vilima vya Ukambani huonekana. Klabu ikichanga nauli na kwenda Mwingi mara mbili katika wiki kumi na mbili za maandalizi, itakuwa imefanya zaidi ya nusu ya kazi. Safari ya kwanza iwe kati ya wiki ya tano na ya sita: dakika 40 za kupanda na kushuka kwa mwendo wa kuzungumza. Ya pili iwe wiki ya tisa, saa moja na robo hivi. Baada ya hapo misuli iachwe ipone. Safari ya kushuka milima ndani ya siku kumi za mwisho ni hasara tupu.

Ramadhani katika miaka hii inaangukia Februari na Machi, miezi ambayo Garissa huwaka moto. Ni wakati wa kukimbia kidogo tu, dakika 30 kabla ya futari au baada ya tarawehe. Maandalizi ya Ndakaini yanaanza Juni, joto linapopungua kidogo, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Sasa kupanda. Kosa ambalo klabu za tambarare hulifanya ni kutaka kulinda kasi. Mtu aliyezoea kukimbia kilomita kwa dakika tano na nusu kwenye lami ya Garissa huitazama saa yake katikati ya kilima, anaona saba, anaingiwa na hofu na kuongeza nguvu. Ndani ya dakika tatu moyo umefika mahali ambapo haurudi kwa urahisi. Kwenye mita 2,000 kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko usawa wa bahari, na anayetoka mita 150 hulihisi hilo mara moja. Saa ifunikwe kwa mkono wa nguo. Kipimo ni sentensi: ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika, unapanda sawa. Ukiweza maneno mawili tu, punguza. Ukiwa huwezi hata moja, tembea.

Kutembea hakuna aibu. Kwenye mwinuko mkali, tofauti kati ya anayetembea kwa hatua ndefu na anayejikongoja kwa kukimbia ni sekunde chache, na anayetembea hufika juu akiwa na uwezo wa kuanza kukimbia tena. Kocha alitangaze jambo hili mapema, mbele ya wote, ili vijana wasione wameshindwa.

Mkao wa mwili ni jambo rahisi. Hatua fupi, mikono ichapwe nyuma, kifua kisikunjwe, macho yatazame mita kumi mbele badala ya kileleni. Wakati wa kushuka hatua ziwe fupi na za haraka zaidi, mguu utue chini ya kiuno badala ya kutupwa mbele, na mwili usiegemee nyuma. Kuegemea nyuma ni kufunga breki kwa mapaja, na ndiko kunakoyaua.

Historia ya mbio za nyika Afrika Mashariki ina mfano mzuri kuhusu nidhamu ya nguvu. Tarehe 26 Machi 2017, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika jijini Kampala, Joshua Cheptegei wa Uganda aliongoza mbele ya umati wa nyumbani hadi mzunguko wa mwisho. Kisha nguvu zikamwisha kabisa. Akapitwa na mmoja, na mwingine, akamaliza wa 30. Geoffrey Kamworor wa Kenya akachukua ubingwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Machi 2019, mashindano hayo yalifanyika Aarhus, Denmark, kwenye njia iliyopanda hadi juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho la Moesgaard, mzunguko baada ya mzunguko. Ilikuwa njia ngumu kuliko ya Kampala. Cheptegei alisubiri, akaondoka mwishoni, akashinda. Jacob Kiplimo, Mganda mwenzake, akawa wa pili, na Uganda ikatwaa ubingwa wa timu ya wanaume kwa mara ya kwanza. Ni mtu yuleyule, kwenye mlima mkali zaidi, ila safari hii aliweka akiba.

Mashindano hayo ya Kampala yana funzo la pili. Wanawake wa Kenya walichukua nafasi sita za kwanza, Irene Cheptai akiongoza. Katika mbio za nyika pointi za timu ni jumla ya nafasi za wakimbiaji wake, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wanne wa kwanza wa Kenya walipata pointi 10, na hakuna timu inayoweza kupata chini ya hapo. Katika hesabu ya namna hii, mtu wa nne ana uzito sawasawa na wa kwanza. Klabu ya Garissa hata kama haigombei kombe lolote inafaa ijipime hivyo: ichukue muda wa mtu wake wa nne, au wa mwisho, na kuuliza mwakani utapungua kwa kiasi gani. Mara moja mazoezi yatabadilika. Wenye kasi wataanza kuwasubiri wenzao kwenye ngazi.

Kwa hiyo, siku ya mbio, klabu isiahidi kukimbia pamoja mwanzo hadi mwisho. Ahadi hiyo huvunjika kilomita ya pili na kuacha manung'uniko. Gawaneni wawili wawili au watatu watatu kulingana na kasi ya mazoezi ya Mwingi, si kulingana na urafiki. Kila jozi ipange kilima kinapandwaje: aliye imara zaidi kupanda awe nyuma, bega kwa bega na mwenzake au hatua moja nyuma yake, asitangulie. Akitangulia, mwenzake atajivuta kumfuata na kuvunja kipimo cha sentensi. Kwenye mteremko, mwenye magoti salama zaidi ndiye atangulie na kuchagua njia, kwani udongo mwekundu wa Murang'a ukilowa unateleza. Wakubaliane pia mahali pa kuachana. Watu wengi huona haya kuzungumzia hilo, ilhali ni heshima: "Tukifika kilomita ya 16, kila mtu aende na nguvu zake." Likisemwa Garissa, halimuumizi mtu Ndakaini.

Na mwenzako akikwama? Hapa wakimbiaji wawili wazaliwa wa Mogadishu wameonyesha dunia namna. Tarehe 8 Agosti 2021, kwenye marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo, Japani, katika joto lililowaangusha wengi, Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji walikuwa wakipigania medali na Lawrence Cherono wa Kenya kwenye mita za mwisho. Hao wawili hufanya mazoezi pamoja. Nageeye alikuwa na mbio zake za kumaliza, lakini aligeuka, akampungia mkono Bashir aliyekuwa akisumbuka, akageuka tena, akampungia tena. Bashir akaitika. Nageeye akapata fedha kwa saa 2:09:58, Bashir shaba kwa 2:10:00, Cherono akabaki wa nne kwa sekunde mbili. Miaka mitatu baadaye, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris iliyopanda jumla ya mita 436, Bashir alichukua fedha. Nageeye hakumshika mwenzake wala kumsukuma, alimwita tu. Hiyo ndiyo kanuni ya kufuata. Sauti na mkono wa kuita vinaruhusiwa na vinasaidia. Kushikwa na mtu aliye nje ya mashindano ni kosa: kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika huko Bathurst, Australia, Februari 2023, Letesenbet Gidey wa Ethiopia alianguka mita chache kabla ya utepe, akainuliwa, na matokeo yake yakafutwa. Mtu wa klabu yenu anayesimama kando ya njia kubeba mifuko aambiwe hilo. Akiona mtu ameanguka na hali yake ni mbaya, amsaidie bila kujali matokeo. Kama ni uchovu tu, apige kelele ya kumtia moyo na kubaki pembeni.

Kuhusu joto, watu wa Garissa wana mtaji wasioujua. Mwili ukizoea joto, damu huongezeka maji, jasho huanza mapema, na moyo hupiga taratibu zaidi kwa kazi ileile. Mombasa, tarehe 24 Machi 2007, joto na unyevu viliwaumiza mabingwa kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, aliacha mbio kwenye mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Faida ya kuzoea joto hubaki mwilini kwa siku kadhaa baada ya kuondoka Garissa, kwa hiyo jua likiwaka Ndakaini saa nne asubuhi, ninyi mtateseka kidogo kuliko watu wa huko. Asubuhi yenyewe ni baridi, nanyi mmezoea kuanza kukimbia mkiwa tayari na jasho. Chukueni sweta kuukuu za kuvua dakika ya mwisho na mjipashe moto dakika 20, si tano.

Mtu anayekwenda mahali pa juu ana njia mbili: afike wiki mbili mapema, au afike jioni ya kuamkia mbio, kabla mwili haujaanza kusumbuka. Klabu ya wafanyakazi itachagua jioni. Hapo ndipo karatasi zinapoingia. Barabara ya Garissa ina vizuizi vya polisi, na abiria mmoja asiye na kitambulisho anaweza kulichelewesha gari zima. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi, mwanafunzi abebe kitambulisho cha shule na barua ya mwalimu mkuu, na kiongozi wa klabu awe na orodha ya majina. Ondokeni alfajiri. Mkiondoka mchana mtafika Thika usiku, mmechoka, na chakula cha maana kimeisha hotelini.

Chakula kisiwe kipya. Anjera, wali, tende na maziwa ya ngamia viko sawa kwa aliyevizoea. Asubuhi ya mbio kula kidogo, saa mbili na nusu au tatu kabla. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu huko nyumbani: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji uliyopoteza, na hapo utajua unahitaji kiasi gani. Chumvi za kuongeza maji mwilini zinazouzwa kwenye duka la dawa ni rahisi na zinafaa. Kunywa maji matupu kupita kiasi ni hatari, kwa kuwa chumvi ya damu hushuka.

Miraa inafaa kutajwa bila kuzungukazunguka. Inaondoa usingizi na hamu ya kula, na inapandisha mapigo ya moyo, yote yakiwa kinyume cha anachohitaji mtu anayekwenda kupanda mlima asubuhi. Zaidi ya hayo, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, imepiga marufuku kathinoni wakati wa mashindano, na kathini pia ikizidi maikrogramu 5 kwa mililita moja ya mkojo. Zote mbili zimo ndani ya miraa. Kijana wa klabu mwenye ndoto ya kuwa mkimbiaji wa kulipwa aambiwe mapema, na dereva naye aambiwe.

Wasichana na wanawake wa klabu wasichukuliwe kama wageni wa safari. Wazazi waonwe na mwanamke mzima wa klabu wiki kadhaa kabla, waelezwe watalala wapi na na nani. Nguo ndefu nyepesi na hijabu ya michezo isiyonyonya jasho hazikatazwi na kanuni za riadha. Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia, alipovalishwa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki jijini Paris mwaka 2024, alikuwa amevaa hijabu.

Jioni ya kuamkia mbio, fanyeni mambo mawili tu kabla ya kulala. Kwanza viatu. Kwenye tundu la mwisho la kamba, pitisha kila ncha ya kamba ndani ya tundu la upande wake ili iache kitanzi kidogo, kisha pitisha kila ncha katika kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea kisigino, ndipo ufunge. Mguu hautateleza mbele wakati wa kushuka na kucha hazitakuwa nyeusi. Kucha zenyewe ziwe zimekatwa siku mbili kabla. Pili, kila jozi irudie kwa sauti kilomita ya kuachana.

Baada ya mbio, safari ya kurudi ni ndefu kwa mapaja yaliyochanika. Dereva asimame Thika na Mwingi, kila mtu ashuke na kutembea dakika kumi. Kesho yake na keshokutwa tembeeni tu, dakika 20 hadi 30, jioni jua likipungua. Siku ya nne au ya tano, anayeweza kushuka ngazi bila kushika ukuta anaweza kukimbia polepole kwenye lami. Asiyeweza asubiri, na mazoezi ya kasi yangoje wiki mbili kamili. Wakati huo katibu akusanye muda wa kila mmoja, auandike daftarini pamoja na mahali ambapo kila jozi iliachana, na aanze kupokea mchango wa safari ya Mwingi ya mwaka ujao.